Kazi gani ya mbao inafaa kutolewa kwenye mnada wa hisani?

"Mimi ni seremala wa jioni na wikiendi. Sitegemei kazi hii kwa riziki, lakini nimeifanya kwa miaka minane na karakana yangu ndogo ina vifaa vya kutosha. Mwaka jana shule wanakosoma watoto wangu iliandaa mnada wa hisani wa kuchangia maktaba, nami nikatoa meza ya sebuleni niliyoitengeneza kwa jioni za wiki sita, viungo vyote vya ulimi na tundu, bila msumari wala skrubu hata moja. Ilinunuliwa kwa nusu ya gharama ya mbao zilizoingia humo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kisanduku kidogo cha vito kilichotolewa na mzazi mwingine, kazi ya siku mbili kwa makadirio yangu, kiliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya meza yangu. Mwaka huu wameniomba tena, na mnada umebakiza miezi mitatu. Ninafikiria kutengeneza kabati la vitabu la mbao ngumu ili watu waone kazi halisi. Mke wangu anasema nitengeneze vibao vya kukatia vya jikoni, nimalize. Rafiki yangu anashauri nitoe hati ya ahadi tu, kwamba mshindi atatengenezewa anachotaka. Nichague nini? Au niwape fedha taslimu niachane na mambo haya?"

Ndugu yangu, ndani ya swali lako naona maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na ni vizuri tuyafungue kabla ya kushika msumeno. La kwanza ni la kiutendaji: mtu mwenye ujuzi wako na miezi mitatu mbele yake atengeneze nini ili shule ipate fedha nyingi iwezekanavyo? La pili ni la moyoni: je, bei ile ilikuwa hukumu juu ya mikono yangu? Nitaanza na hili la pili, kwa sababu ukilibeba bila jibu ndilo litakalokuchagulia kazi ya mwaka huu, na kwa jinsi ulivyoandika kuhusu kabati la vitabu, nahisi limeshaanza kukuchagulia.

Bei ya mnada haipimi ubora wa kazi, na wala haipimi kiasi ambacho mshindi mwenyewe alikuwa tayari kulipa. Katika mnada wa kawaida wa kupandisha dau, kitu huuzwa pale mshindani wa mwisho anaponyamaza, kwa hiyo anayepanga bei si yule aliyekipenda kitu kuliko wote, bali ni yule anayemfuata. Chukua mfano wa tarakimu tupu. Ikiwa ukumbini yupo mtu mmoja ambaye angetoa 100 kwa meza yako bila kusita, na anayemfuata asingevuka 30, meza itauzwa kwa 31 au 32, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na karibu 70 nyingine zilizorudi nyumbani mfukoni mwa mshindi. Kisanduku, kwa upande mwingine, huenda hakuna aliyekithamini zaidi ya 70, lakini walikuwapo watu wanne walioona kinafaa kwa kati ya 60 na 70. Hicho kitauzwa kwa zaidi ya 60. Kitu kilichopendwa kidogo na wengi kimekishinda kilichopendwa sana na mmoja, na hakuna aliyekosea wala aliyedharau kazi ya mtu. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, aliieleza hesabu hii kwa makini katika makala yake ya mwaka 1961, ingawa madalali walikuwa wakiijua kwa uzoefu tangu zamani.

Basi unapochagua kazi ya mnada, usijiulize nani atakipenda kitu hiki. Jiulize ni watu wangapi ukumbini watakaokitaka usiku huohuo, na wa pili wao atafika wapi kabla ya kunyamaza. Karibu kila nitakachokushauri hapa kinatoka kwenye swali hilo.

Irudie meza yako kwa macho ya mgeni aliyeingia ukumbini. Ili ainue mkono, ni lazima awe na sebule isiyo na meza, au yenye meza anayotaka kuiondoa. Ni lazima urefu na kimo chake vikubaliane na viti alivyonavyo, rangi ya mbao isigombane na ya kabati lake, na gari alilokuja nalo liweze kuibeba usiku ule. Pengine ni lazima pia ampigie simu mwenzake aliyebaki nyumbani, na mnada haungoji simu. Kila sharti linaondoa watu, na mwisho wa masharti yote anabaki mmoja, ambaye kwa kukosa mshindani anaichukua kwa bei ya kuanzia. Kisanduku hakina masharti hayo. Kinaingia mkobani, kinakaa popote, na asiyekihitaji yeye mwenyewe anamjua mtu wa kumpa zawadi.

Huenda pia kisanduku kile kilikuwa na faida nyingine, kwamba ufundi wake ulikuwa wazi mikononi. Nimesimama mara nyingi kando ya meza za minada ya kimya, ile ambayo watu huandika dau zao kwenye karatasi, nikitazama wanavyofanya. Mtu hupita, hunyoosha mkono, hufungua kifuniko. Kifuniko kilichorandwa mpaka kikakaribia kubana hakianguki kikiachiwa. Hushuka polepole, kikisukuma hewa itoke pembeni kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha hutulia. Mtu hutabasamu, hukifungua tena, halafu humwita aliyekuja naye ajaribu. Tayari wameshakuwa wawili.

Viungo vyako vya ulimi na tundu ni kazi ya heshima, lakini kwa maumbile yake ulimi umezama ndani ya mguu wa meza na hauonekani. Ubora wake utajulikana baada ya miaka 20, meza itakapokuwa bado haiyumbi, ilhali mnada huisha usiku uleule. Ndiyo maana, kwa mnada, kiungo cha mkia wa njiwa kwenye pembe za kisanduku kina faida kuliko kiungo kilichofichwa: mtu asiyejua lolote kuhusu useremala anaona meno yale ya mbao mbili yalivyoingiana, na anaelewa bila kuambiwa kwamba kuna mtu alikaa na patasi kwa subira.

Wapo watakaokuambia kwamba mnada wa hisani ni tofauti, kwamba watu huja kutoa na kwa hiyo bei hupanda yenyewe. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mwenye moyo wa kutoa ana njia nyingi za kutoa usiku ule, ikiwamo kuandika hundi bila kubeba chochote, na ukarimu wake hautakiendea kitu asichokuwa na pa kukiweka.

Dhana nyingine tatu nakuomba uziache, nazo nitazipitia haraka. Saa ulizotumia hazimhusu mnunuzi, na kuziandika kwenye kadi ya maelezo humfanya aone unadai fidia. Ukubwa hauongezi bei, mara nyingi huipunguza kwa sababu nilizokwisha kutaja. Na mbao adimu haiongezi sana, isipokuwa ukumbi umejaa maseremala, kwa kuwa wengi huona rangi tu. Tena mbao adimu ina mambo yake: jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imekuwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na mnunuzi anayeishi ng'ambo anaweza kulazimika kuuliza kuhusu vibali kabla ya kusafiri nayo. Mbao ya kawaida iliyochaguliwa vizuri, yenye nyuzi zinazotiririka kutoka ubavu mmoja wa kisanduku hadi mwingine bila kukatika, itakupa zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kuhofia vitu vikubwa, nayo imo ndani ya mbao zenyewe. Mbao iliyokauka huendelea kuvuta na kutoa unyevu wa hewa maisha yake yote, na inapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi badiliko ni dogo mno na halina haja ya kuhesabiwa. Upana nao hauna kipimo kimoja, kwa kuwa ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa miduara ya ukuaji husogea takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini cha gogo. Kwa mbao ngumu nyingi, uso wa meza wenye upana wa sentimita 60, uliopasuliwa kwa namna ile ya kwanza, unaweza kuongezeka au kupungua milimita 5 hadi 7 endapo unyevu uliomo ndani ya mbao utabadilika kwa asilimia 4 tu. Badiliko kama hilo ni la kawaida kabisa kati ya karakana iliyo wazi kwa upepo na chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa. Ubavu wa kisanduku wenye sentimita 15, kwa hesabu hiyohiyo, hautafika hata milimita 2.

Unapomtengenezea mteja unaijua nyumba yake, au unaweza kuiuliza, na kitu kikileta matatizo atakuita. Kitu cha mnada huondoka na mtu usiyemjua kwenda mahali usipopajua. Somo hili nililipia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitoa trei kubwa yenye fremu ya mbao nyeusi na sakafu ya ubao mmoja mpana, mzuri mno, na kwa haraka ya siku za mwisho nikaibana sakafu ile kwa gundi pande zote nne. Hewa ilipokauka, ubao ulitaka kusinyaa, fremu haikuuruhusu, na trei ikapasuka katikati kwa sauti ambayo mnunuzi alisema ilimwamsha. Hakunipigia mimi, maana hakuwa na namba yangu, aliwapigia waandaaji. Nilimtengenezea nyingine, yenye sakafu inayoelea ndani ya mfuo bila gundi, lakini lawama ilikuwa imeshawafikia watu ambao kosa halikuwa lao. Tangu hapo, kwa mnada sitoi kitu ambacho uhai wake unategemea hali ya hewa ya nyumba fulani.

Sasa nizipime njia ulizozitaja. Kabati la vitabu ningeliacha. Lina masharti yote ya meza na mengine juu yake, kwa sababu linahitaji ukuta mtupu, watu wawili wa kulibeba na gari la mizigo, na waandaaji watahitaji pa kulihifadhi. Kama unataka watu waone unachoweza kufanya, hamu hiyo ni halali kabisa, lakini itafutie mahali pake, kwenye maonyesho au nyumbani kwako, na usiilipishe maktaba ya shule. Ningebadili mawazo kwa sharti moja tu: waandaaji wakuambie kwamba wanazifahamu familia mbili, na nasisitiza mbili, zinazolitafuta kabati la namna hiyo.

Mke wako yuko karibu na ukweli kuliko wewe na rafiki yako. Kila nyumba ina jiko, na kibao cha kukatia hakihitaji kipimo cha mtu. Tatizo lake ni kwamba kila seremala wa wikiendi amewaza hivyohivyo, na vibao sita mezani vinagawana wanunuzi walewale. Uliza vimeahidiwa vingapi. Ukiamua kuvitengeneza, chagua mbao yenye vinyweleo vidogo, unene usiopungua sentimita 3, gundi isiyoyeyuka kwa maji, na usikizungushie fremu kibao kilichoundwa kwa vipande vya nyuzi za kusimama, yaani ncha za nyuzi zikitazama juu, kwa sababu ileile iliyoipasua trei yangu. Kwa kupaka, mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa matumizi ya jikoni, yakichanganywa na nta kidogo ya nyuki, yanatosha na hayaozi. Mafuta ya kupikia huchacha baada ya muda na kuacha harufu. Mafuta ya kitani ni mazuri, lakini hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, jambo linalochukua wiki, si siku. Na kwa kuwa hiki ni kipindi cha haraka, niseme hapahapa: tambara lililolowa mafuta ya kitani na kukunjwa pembeni linaweza kujichoma lenyewe, kwa kuwa kule kukauka huzalisha joto lisilopata njia ya kutoka. Litandaze nje mpaka likakamae, au litumbukize ndani ya maji kabla ya kulitupa.

Hati ya ahadi ina mvuto wa kweli, kwa kuwa inaondoa masharti ya ukubwa na rangi: mshindi atapata kinachoenea nyumbani kwake. Udhaifu wake ni kwamba hakuna cha kushika mezani, na kwamba ahadi isiyo na mipaka humgeuza mtoaji kuwa mtumwa wa mshindi. Nimeona fundi mmoja akidaiwa seti nzima ya viti kwa hati aliyodhani ni ya stuli. Ukiitoa, andika aina ya kitu, vipimo vya juu kabisa, aina mbili au tatu za mbao za kuchagua, nani anagharimia usafirishaji, na tarehe ambayo hati itakoma. Weka kando yake sampuli moja ya kazi yako, hata kama ni pembe tu ya droo yenye mikia ya njiwa.

Kuhusu fedha taslimu, sioni aibu yoyote ndani yake, na kuna mwaka ambao ndilo jibu sahihi. Fanya hesabu: ikiwa gharama ya mbao, msasa, gundi na bawaba inazidi kiasi ambacho kitu kinaweza kufikia, shule itapata zaidi ukiwapa gharama hiyo mkononi, nawe utapata jioni zako. Wako pia wanaotoa kazi wakitegemea nafuu ya kodi, na hapo tahadhari inahitajika. Marekani, kwa mfano, fundi aliyetoa kitu alichokitengeneza mwenyewe huruhusiwa kwa kawaida kudai gharama ya vifaa tu, na thamani ya muda wake haihesabiwi hata kidogo. Nchi zinatofautiana, kwa hiyo kama jambo hili lina uzito kwako, kaa na mshauri wa kodi kabla ya kutoa, kwani risiti ya mbao iliyopotea haifufuliwi.

Lakini ipo njia ambayo hukuitaja, na kwa hali yako naiona bora kuliko zote. Masharti yote niliyoyahesabu huanguka kitu kinapobeba kumbukumbu ambayo watu wengi ukumbini wanaimiliki kwa pamoja. Waulize walimu kama kuna madawati yaliyotupwa ghalani, milango ya zamani, au sakafu iliyong'olewa. Fikiria kisanduku ambacho kifuniko chake ni kipande cha uso wa dawati, kimerandwa kwa chini na pembeni, lakini juu kimeachwa na mikwaruzo yake, na herufi ambazo mwanafunzi fulani alizichonga kwa ncha ya bikari wakati mwalimu amegeukia ubao. Mzazi aliyesoma shule hiyohiyo hatakiangalia kama kisanduku, na hatakuwa peke yake.

Mbao za namna hii zina taratibu zake. Pata ruhusa ya maandishi kabla ya kuchukua chochote. Pitisha sumaku kutafuta misumari kabla randa haijaikuta. Usipige msasa rangi ya zamani usiyoijua, kwa sababu rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ipeleke ikapimwe, au achana na ubao huo. Kama zitakuja mbao za kreti, soma muhuri wake: herufi HT zina maana ya kwamba zilitibiwa kwa joto, na MB kwamba zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu, na hizo za pili usizitumie. Na ikiwa shule itakuambia kuna mti mkubwa ulioanguka uwanjani mwezi uliopita, shukuru, upasue mbao, zipange mahali penye kivuli na upepo, lakini usiziahidi kwa mnada huu. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila milimita 25 za unene.

Kuna vitu ambavyo nisingevitoa kabisa, hata kama watu 20 wangevigombania. Kitanda cha mtoto mchanga ni kimoja. Nafasi kati ya fito zake, kimo cha pande na uimara wa viungo vina vipimo vya kisheria katika nchi nyingi, na vipimo hivyo viliandikwa baada ya vifo: Marekani ilipiga marufuku vitanda vyenye upande unaoteremka mwaka 2011, na huko nafasi kati ya fito haitakiwi kuzidi takriban sentimita 6. Vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka mitatu vina hatari yao pia. Kipimo kinachotumika Marekani na Ulaya ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande chochote kinachoingia chote humo, liwe gurudumu au kigingi kilichochomoka, kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Ngazi na viti virefu naviweka katika kundi hilohilo, isipokuwa umevitengeneza mara nyingi.

Endapo bado una nia ya kutoa kitu kitakachobeba uzito wa mtu, hapa maandishi yangu hayatoshi. Kipeleke kwa seremala mzoefu, akikalie, akitikise, akivute miguu kwa namna ambayo wewe kwa huruma ya mzazi huwezi. Waandaaji nao wamuulize mwanasheria au kampuni yao ya bima nani atawajibika mtu akiumia, kwa sababu kitu kuwa cha hisani si kinga kila mahali.

Kabla hujakata ubao wa kwanza, omba mkutano mfupi na waandaaji. Uliza watakuja watu wangapi, na wengi wao watarudi nyumbani kwa usafiri gani. Kisha, kama mwaka jana kulikuwa na sehemu ya mnada wa kimya, omba kuziona karatasi za dau na usiangalie bei ya mwisho. Hesabu majina tofauti kwenye kila karatasi. Palipo na majina saba, ndipo penye watu. Palipo na jina moja lililoandikwa juu kabisa na nafasi tupu chini yake, ndipo ilipoangukia kazi ya mtu kama wewe. Vitu vya mbao vilivyopata majina mengi vitakuambia zaidi ya makala yoyote, hii ikiwamo.

Waombe pia waweke bei ya chini ya kukubalika, walau ifikie gharama ya vifaa vyako, na kwamba isipofikiwa kitu kirudi kwako au kiingizwe kwenye bahati nasibu. Hilo si ubahili. Kama siku moja utataka kuuza kazi zako, wale walioona meza yako ikiondoka kwa nusu ya bei ya mbao watakuwa ndio wateja. Bei ya kuanzia wasiipandishe mno. Theluthi hadi nusu ya thamani halisi ni desturi nzuri, kwa kuwa dau la kwanza dogo huwaingiza watu mchezoni.

Na tengeneza viwili. Ukiwa na vipimo na mashine tayari, kisanduku cha pili hakikuongezei hata nusu ya muda wa cha kwanza. Kinadiwe kimoja, bila kusemwa kwamba ni cha pekee, maana huo utakuwa uongo. Nyundo ikishagonga, dalali amgeukie yule aliyenyamaza mwisho na kumwambia kwamba kipo kingine kama akipenda kukichukua kwa dau lake la mwisho. Huyu ndiye mtu uliyemtafuta tangu mwanzo, na mara nyingi ameshajutia kunyamaza.

Miezi mitatu inatosha, mradi mbao ziingie ndani ya nyumba wiki hii na zikae wiki mbili au tatu kabla hujazirandia vipimo vya mwisho, na upakaji uwe umekwisha mwezi mzima kabla ya mnada, ili kifuniko kisinuke mafuta mtu anapokifungua.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Umesema meza ile haina msumari wala skrubu. Basi uso wake umeshikwa na nini? Ikiwa uliubandika kwa gundi juu ya fremu pande zote nne, kwa upana wa meza ya sebuleni, unangoja kilichoipata trei yangu. Waandaaji wanamjua aliyeinunua. Mwombe uitazame kabla majira ya hewa hayajageuka. Gundi ikiwa haijaachia, utaifungua taratibu kwa msumeno mwembamba, kisha uushike uso kwa vishikizo vidogo vya mbao vinavyoteleza ndani ya mfuo, ili uweze kutanuka na kurudi. Ni kazi ya nusu siku, na usiifanye peke yako, maana unahitaji mtu wa kukushikia upande wa pili.